Maneno yaleyale, kazi tofauti: namna ya kuzitambua verbali za Kiingereza

Andika maneno haya manne kwenye karatasi, "selling fish at Feri" (Feri ni soko la samaki la Dar es Salaam), halafu muulize mtu yeyote aliyemaliza fomu foo hicho ni kirai cha aina gani. Wengi watakujibu hapohapo kwamba ni jerandi, si unaona kuna -ing. Jibu hilo huwezi kuliita sahihi wala kosa kwa sababu swali lenyewe halijakamilika. Maneno hayo yakikaa peke yake hayana aina, yanapata aina yakishaingia kwenye sentensi na kupewa kazi. Mimi nafundisha Kiingereza, jioni watoto wa tuisheni na wikiendi watu wazima wanaojiandaa na intavyuu, na nasema bila kusita kwamba hakuna kipengele cha grama kinachowatesa watu bure kama hiki. Nasema bure kwa sababu mtu anayeongea Kiswahili tayari anajua kuzitenganisha hizi verbali, anazitenganisha kila siku akiongea na mama yake au akibishana na kondakta, ila hajawahi kuambiwa kwamba ujuzi huo unafaa pia kwenye Kiingereza.

Kwanza tukubaliane verbali ni nini, halafu tusonge. Verbali ni kitenzi kilichoacha kazi ya ukitenzi ndani ya sentensi, hakina tensi ya kwake, hakibadiliki kufuata mtenda, na ukikiacha peke yake hakiwezi kusimamisha sentensi. Kimehamia kwenye kazi nyingine, ya nomino, ya kivumishi au ya kielezi. Ila tabia za kitenzi hakijaziacha zote, bado unaweza kukiuliza selling nini na kikakujibu fish, ukakiuliza wapi kikakujibu at Feri. Verbali pamoja na hayo yote iliyoyabeba ndo kirai cha verbali chenyewe. Ziko tatu: jerandi (gerund), patisipo (participle) na infinitivu (infinitive). Usizichanganye na kirai kitenzi cha kawaida kama "is selling" au "has been sold", wala na vile vitenzi vya maneno mawili kama "give up" na "look after", hayo ni mambo mengine kabisa na majina yake ya Kiingereza yanafanana tu kwa bahati mbaya.

Sasa rudi kwenye samaki.

"Selling fish at Feri feeds my family." Kuuza samaki Feri kunailisha familia yangu.

"The woman selling fish at Feri is my aunt." Mwanamke anayeuza samaki Feri ni shangazi yangu.

"My aunt is selling fish at Feri." Shangazi anauza samaki Feri.

"Selling fish at Feri, my aunt met a man from Mafia." Akiuza samaki Feri, shangazi alikutana na mtu wa kisiwa cha Mafia.

Angalia upande wa Kiingereza, maneno ni yaleyale manne, hakuna herufi iliyobadilika. Angalia upande wa Kiswahili: kuuza, anayeuza, anauza, akiuza. Kila kazi imevalishwa sare yake. Ku- inakwambia hapa kitenzi kimegeuka nomino, hiyo ni jerandi. -naye- inakwambia hapa tunamwelezea mtu, hiyo ni patisipo. -na- peke yake inakwambia hiki ni kitenzi kamili, kina tensi yake na mtenda wake, kwa hiyo hapo hakuna verbali kabisa japo -ing ipo. -ki- inakwambia hiki ni kitendo cha pembeni kilichokuwa kinaendelea wakati kitendo kikuu kinatokea, hiyo nayo ni patisipo, ya mwanzoni mwa sentensi. Kiingereza kinaficha, Kiswahili kinatangaza, na kinatangaza mapema, mwanzoni mwa neno. Ndo maana naona ni hasara kubwa mtoto akiingia darasa la Kiingereza na kuambiwa aache Kiswahili mlangoni, hapa Kiswahili ndo mwalimu mzuri kuliko orodha yoyote ya kukariri.

Kwa nini Kiingereza kilifika hapa pa kuvalisha kazi mbili umbo moja? Hakikuanza hivyo. Kiingereza cha kale, kile cha kabla Wanormani kutoka Ufaransa hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na maumbo mawili tofauti kabisa. Nomino iliyotokana na kitenzi ilikuwa inaishia na -ung au -ing, kwa mfano "leornung", yaani kujifunza. Patisipo ilikuwa inaishia na -ende, kwa mfano "singende", anayeimba. Mtu wa zama zile asingechanganya hata kidogo. Kwenye karne zilizofuata sauti za mwisho wa maneno zikaanza kulegea, -ende ikawa -inde kusini, kaskazini wakawa wanasema -and, na polepole yote ikamezwa na -ing. Wajerumani ambao lugha yao ni ndugu wa Kiingereza bado wanazo zote mbili mpaka leo, -ung kwa nomino na -end kwa patisipo. Infinitivu nayo ilikuwa na mwisho wake, -an, "singan" ni kuimba, mwisho ule ukachakaa ukapotea na kazi ya kuitambulisha infinitivu ikaachiwa kale ka-neno "to". Kwa hiyo mwanafunzi anayelia kwamba -ing inamchanganya hana upungufu wa akili hata kidogo, anahangaika na matokeo ya karne nyingi za watu kumeza silabi za mwisho.

Sasa tuje kwenye kutambua kwenyewe, na naenda polepole hapa maana hapa ndo penye kazi.

Hatua ya kwanza haihusu verbali kabisa. Tafuta kitenzi kikuu cha sentensi, kile chenye tensi, ukipata pigia mstari. Kama kuna is, are, was, were imekaa mbele ya -ing na inaungana nayo kuonyesha kitendo kinaendelea, hiyo -ing ni sehemu ya kitenzi kikuu, iache. Wanafunzi wengi wanaruka hatua hii kwa sababu macho yanakimbilia -ing kwanza, wanaandika "the boys are playing football" wanapigia mstari playing wanaandika jerandi, na hapo wameshapoteza maksi. Ila kuwa makini na sentensi kama "my job is selling fish", hapa is ipo na selling ipo lakini haziungani, kazi yangu haiuzi samaki, kazi yangu NI kuuza samaki. Kiswahili kinakuokoa tena, ukitafsiri ukapata "inauza" ni kitenzi, ukipata "ni kuuza" ni jerandi.

Hatua ya pili, kila -ing iliyobaki jaribu kuweka "it" mahali pa kirai kizima. "Selling fish at Feri feeds my family", ukiweka it inakuwa "it feeds my family", inasimama vizuri, basi ni jerandi. "My aunt enjoys selling fish at Feri", "my aunt enjoys it", inasimama, ni jerandi na ni yambwa (object) ya enjoys. "The woman selling fish at Feri is my aunt", jaribu, "the woman it is my aunt", imevunjika. Basi jaribu kinyume chake, kitoe kirai chote uone: "the woman is my aunt", sentensi bado ipo, imepoteza maelezo tu. Hiyo ni patisipo. Majaribio haya mawili, la kuweka na la kutoa, yanamaliza sehemu kubwa ya kazi, na ukiyashika hauhitaji kukariri ufafanuzi wowote.

Kuna -ing ambazo zinakaa mbele ya nomino na hizo zina utamu wake. "Boiling water" na "drinking water". Ukitazama kwa haraka ni ndugu, -ing halafu water. Lakini boiling water ni maji yanayochemka, maji yenyewe ndo yanachemka, wakati drinking water ni maji ya kunywa, maji hayanywi chochote. Kiswahili kimetumia "yanayo-" kwa moja na "ya ku-" kwa nyingine, na tofauti ndo hiyohiyo, ya kwanza patisipo na ya pili jerandi. Swimming pool, bwawa la kuogelea, jerandi. Sleeping child, mtoto anayelala, patisipo. Sleeping bag, begi la kulalia, jerandi, begi halilali. Ukiweza kusema "-a ku-" ni jerandi, ukilazimika kusema "-naye-, -nayo-, -nacho-" ni patisipo, na hata matamshi yanafuata, kwenye jerandi Waingereza wanakazia neno la kwanza, SWIMMING pool, kwenye patisipo mkazo mkubwa unaangukia nomino.

Mwanaisimu Noam Chomsky aliifanya sentensi moja ijulikane sana, "flying planes can be dangerous", na inajulikana kwa sababu ina maana mbili na zote ni halali. Inaweza kuwa kurusha ndege kunaweza kuwa na hatari, hapo flying planes ni jerandi na wa kuogopa ni rubani, au ndege zinazoruka zinaweza kuwa na hatari, hapo flying ni patisipo na wa kuogopa ni mimi na wewe tulioko chini. Kinachoificha tofauti ni lile neno can, kwa sababu halibadiliki kwa umoja wala wingi. Liondoe uweke is, "flying planes is dangerous", papo hapo ni jerandi kwa sababu kitendo ni kimoja. Weka are, ni ndege nyingi, patisipo. Kwa Kiswahili sentensi hii huwezi kuitamka ikabaki na utata, ngeli haikuruhusu, utasema kunaweza au zinaweza, lazima uchague kabla hujafika katikati ya sentensi.

Patisipo ya wakati uliopita inahitaji jicho la pekee kwa sababu haina -ing ya kuizindua akili. "The man pushed into the car was crying." Ukisoma kwa mwendo wa kawaida unadhani mtu alisukuma kitu, unafika kwenye was crying unakwama. Kitenzi kikuu ni was crying, pushed ni patisipo, mtu aliyesukumwa kwenye gari alikuwa analia. Umbo la pushed ni lilelile la tensi iliyopita na ndo maana linadanganya. Dawa yake, uliza huyu anayetajwa mbele yake ndo alifanya au alifanyiwa, ukihisi Kiswahili kinataka "-liye-" pamoja na "-wa" ya kutendwa, aliyesukumwa, waliochaguliwa, kilichovunjwa, hapo una patisipo mkononi. Vitenzi kama sung, written, broken vina huruma, vina umbo lao la peke yao, lakini hivi vya -ed na vingine kama caught, bought, sold vinahitaji usome sentensi mpaka mwisho kabla hujaandika chochote.

Na alama ya mkato usiidharau kwenye patisipo. Piga picha boti ya kwenda Zanzibar, mvua imepiga njiani. "The passengers sitting upstairs got wet", abiria waliokaa juu walilowa, wa chini wako wakavu. "The passengers, sitting upstairs, got wet", abiria, wakiwa wamekaa juu, walilowa, yaani wote walikuwa juu na wote wamelowa. Mikato miwili tu imewalowesha watu wote wa chini. Kiswahili kinafanya hivyo kwa kuhama kutoka -o- kwenda -ki-, ukiweza kusikia tofauti ya "waliokaa" na "wakiwa wamekaa" umeshaelewa kitu ambacho vitabu vinakizungusha kurasa nzima.

Infinitivu kwenye umbo ni rahisi, to na kitenzi kikavu, ila kazi zake ni tatu na mtihani unapenda kuziuliza. "She came to help", unaweza kuingiza ili, alikuja ili asaidie, basi inafanya kazi ya kielezi. "She has work to finish", ana kazi ya kumaliza, ile "-a ku-" baada ya nomino inakwambia ni kivumishi. "To wait is hard", kusubiri ni kugumu, au "she wants to wait", anataka kusubiri, jaribio la it linakubali, "it is hard", "she wants it", basi ni nomino. Hapo kwenye "-a ku-" kuna mahali pa kuangalia, maji ya kunywa ni drinking water na pia ni water to drink, Kiingereza kinaangalia nafasi, ikikaa mbele ya nomino ni jerandi na inataja aina ya maji, ikikaa nyuma ni infinitivu na inasema maji hayo yatafanyiwa nini.

Kuna infinitivu isiyo na to, na hii inatoroka macho ya watu wengi. Baada ya make, let, na vitenzi vya kuona na kusikia, to inaondoka. "He made me cry." Watu wengi wanaandika "he made me to cry" kwa sababu Kiswahili, alinifanya nilie, hakiwapi dokezo lolote. Ajabu ni kwamba ukigeuza kuwa kauli ya kutendwa to inarudi, "I was made to cry". Na kwenye see na hear una uchaguzi wa kweli, "I saw him cross the road" nilishuhudia kitendo chote toka ukingo huu mpaka ule, "I saw him crossing the road" nilimwona akivuka, yuko katikati, sijui kama alifika. Ya kwanza ni infinitivu isiyo na to, ya pili ni patisipo, na askari wa trafiki anayeandika maelezo ya ajali kwa Kiingereza anapaswa kujua tofauti hii kuliko mwanafunzi yeyote.

Nimekisifu Kiswahili kwa kirefu, sasa niseme mahali kinapokuangusha, maana pako na ni papana.

Pa kwanza ni kwamba ku- yetu moja inasimama badala ya jerandi na infinitivu zote mbili. Napenda kusoma, nataka kusoma, nimemaliza kusoma, kwetu ni kusoma tu. Kiingereza kinachagua: "I want to read" lakini "I have finished reading". Ukijifunza kwa kutafsiri ku- kuwa to kila mahali utaandika "I enjoy to read", "I have finished to eat", na hizi nazisikia kila wiki. Kuna mwelekeo unaosaidia, to kwa asili inaelekeza mbele, kitu ambacho bado, ndo maana want, hope, decide, promise, plan, agree zinaipenda, na -ing inashika kitu ambacho kipo au kimeshakuwepo, ndo maana enjoy, finish, keep, admit, deny zinaipenda. Mwelekeo huu unaonekana vizuri zaidi kwenye vitenzi vinavyokubali zote mbili. "Remember to lock the door", kumbuka kufunga mlango, bado hujafunga. "I remember locking the door", nakumbuka nilifunga, kitendo kimeshapita. "He stopped smoking" ameacha sigara, "he stopped to smoke" alisimama ili avute, wawili hawa afya zao hazitalingana. Lakini usiufanye mwelekeo huu kuwa sheria, suggest na avoid na postpone zinaangalia mbele na bado zinataka -ing, hizo ni za kuzizoea kwa kusoma sana, hakuna njia ya mkato.

Ndani ya hilohilo kuna to mbili, na hapa barua za maombi ya kazi ndo zinapoharibika. "I look forward to hear from you." "I am committed to work hard." To ya hapa sio ya infinitivu, ni kihusishi, kama ile ya "I went to Tanga", na kihusishi cha Kiingereza kikifuatwa na kitenzi kinataka jerandi. Unaitambuaje? Weka it baada ya to. "I look forward to it", inasimama, basi andika hearing. "I am committed to it", inasimama, andika working. "I want to it", haisimami, basi ni infinitivu, andika kitenzi kikavu. Kwa jaribio hilohilo utamaliza ugomvi wa used to: "I am used to it" inasimama kwa hiyo ni "I am used to waking up early", nimezoea kuamka mapema, wakati "I used to wake up early" ni nilikuwa naamka mapema zamani, siku hizi hapana.

Pa pili ndo mahali ninapopajali kuliko pote, kwa sababu sijaona mtu akiwaeleza wanafunzi wetu kwa nini wanakosea, wanaambiwa wamekosea tu. "Walking to school, the rain started." Ticha anaweka kalamu nyekundu, anaandika mvua haitembei, darasa linacheka, na mwanafunzi anakaa chini hajaelewa, kwa sababu kwa Kiswahili sentensi yake ni safi. Nikiwa natembea kwenda shule, mvua ikaanza. Hakuna Mswahili atakayeshangaa. Akiwa jikoni, simu ikaita, nani atasema simu ilikuwa jikoni? Sababu iko wazi ukiitazama kwa karibu: patisipo yetu ya -ki- inabeba mtenda wake ndani, Ni-kiwa, a-kiwa, wa-kiwa, popote utakapoiweka inajua ni ya nani. Patisipo ya Kiingereza imevuliwa nafsi, walking haisemi ni mimi wala wewe wala wao, kwa hiyo lazima iazime mtenda kutoka sehemu kuu ya sentensi, na inaazima mtu wa kwanza inayekutana naye, yaani kiima. Kiima ni the rain, basi mvua ndo inatembea. Mwanafunzi yule hakukosa akili ya kufikiri, alihamisha sheria sahihi ya lugha yake kwenda kwenye lugha ambayo sheria hiyo haipo, na akiambiwa hivi mara moja tu anapata cha kushika.

Kurekebisha, ama mpe kiima anayestahili, "walking to school, I was caught in the rain", ama irudishe verbali iwe kitenzi kamili, "as I was walking to school, the rain started". Lile swali la mtihani la kuandika upya sentensi, "Begin: Having...", yaani anza na Having, linakaa hapahapa. Having finished inataka aliyemaliza awe ndo kiima kinachofuata, kwa hiyo "having finished the work, the teacher let us go" inasema ticha ndo alimaliza kazi, na kama ni sisi tuliomaliza itabidi "having finished the work, we were allowed to go". Pia kuna njia ya patisipo kubeba mtenda wake mwenyewe mbele kabisa, "the rain having stopped, we left", mvua ikiwa imekatika tukaondoka, hapo imejitosheleza haiazimi kwa mtu, ni mtindo wa maandishi zaidi kuliko wa kuongea ila unakubalika kabisa.

Kwa haki ya Kiswahili niongeze pia sehemu moja kinapokupeleka kwenye Kiingereza cha hali ya juu bila jasho. Kuchelewa kwake kulimuudhi mwalimu. Kwake, kimilikishi, kwa sababu ku- ni nomino na nomino inamilikiwa. Kiingereza rasmi kinafanya vilevile, "his coming late annoyed the teacher", his na sio him. Waingereza wenyewe wanagombana juu ya hili toka zamani, H. W. Fowler, mwandishi wa vitabu vya matumizi ya Kiingereza, aliipiga vita ile him mwanzoni mwa karne ya 20, na leo kwenye kuongea him imeshatawala hasa baada ya kitenzi. Lakini ukiwa unaandika barua rasmi fuata Kiswahili chako, kimilikishi, hautakosea.

Niseme na hili ili mtu asije akasoma mahali akaona nimempotosha. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, kwenye grama kubwa ya Kiingereza waliyoitoa Cambridge mwaka 2002, waliamua kwamba hakuna sababu ya kuwa na majina mawili kwa umbo moja, wakaunganisha jerandi na patisipo ya -ing kuwa kitu kimoja. Hoja yao ina uzito, hakuna kitenzi hata kimoja cha Kiingereza ambacho umbo la jerandi linatofautiana na la patisipo. Nawaheshimu sana, ila kwa mwanafunzi wa kwetu naendelea kufundisha majina mawili, kwa sababu mitihani inayatumia, na kwa sababu lugha anayoota nayo inazihesabu hizi kazi kuwa mbili. Umbo ni moja, kazi ni mbili, mtu anaweza kuyajua yote mawili.

Tumalize na sentensi moja ndefu, tuipasue pamoja.

"Having missed the last daladala, the students decided to walk home, hoping to arrive before dark, but walking along Morogoro Road at that hour frightened the girl carrying the books."

Vitenzi vikuu kwanza: decided na frightened, viwili tu. Vingine vyote ni verbali. Sasa iseme kwa Kiswahili kwa sauti: wakiwa wamekosa daladala ya mwisho, wanafunzi waliamua kutembea mpaka nyumbani, wakitumaini kufika kabla ya giza, lakini kutembea Morogoro Road saa ile kulimtisha msichana aliyebeba vitabu. Wakiwa wamekosa, patisipo, na kiima kilichofuata ni wanafunzi, sawa, hao ndo waliokosa gari. Kutembea ya kwanza, waliamua nini, to walk home, infinitivu inayofanya kazi ya nomino. Wakitumaini, patisipo tena ya wanafunzi, na ndani ya tumbo lake kuna kirai kingine, to arrive before dark, kufika, infinitivu na ni yambwa ya hoping. Kutembea ya pili angalia jinsi kitenzi kinavyoitikia, KUlimtisha, ku- inaendana na ku-, basi walking along Morogoro Road at that hour ni jerandi na ni kiima cha frightened. Aliyebeba, patisipo inayomwelezea msichana.

Hiyo ya mwisho ijaribu kwenye sentensi nyingine uone inavyoteleza. "My uncle met the thief running to the police station." Nani alikuwa anakimbia? Kama ni mjomba, patisipo imekaa mbali na mwenyewe, ihamishe mbele, "running to the police station, my uncle met the thief". Kama ni mwizi aliyekwenda kujisalimisha, ongeza "who was" uondoe utata wote. Kwa Kiswahili utata unaondoka ukichagua kati ya "mjomba, akikimbilia polisi, alikutana na mwizi" na "mjomba alikutana na mwizi aliyekuwa anakimbilia polisi", na ukishachagua, Kiingereza chake unajua ukiweke wapi.